Galoni Thelathini na Nne

Binti alikwenda kuchukua vifaa vya baba yake, basi. Brashi saba, rola mbili, kikwangulio kimoja na ovaroli ambayo ilikuwa na rangi nyingi kuliko kitambaa. Mama alimwambia, "Nenda ukavilete kabla havijaota miguu," naye akaomba ruhusa ya nusu siku kwenye karakana ya maturubai anakoshona, akatembea mpaka kwenye zahanati mpya iliyokuwa inamaliziwa.

Baba yake alikuwa mpaka rangi na jina lake lilikuwa Brashi. Alikuwa na jina jingine, la kwenye vyeti, lakini hata mkewe alilitumia siku za ugomvi tu. Alikuwa amefariki wiki tatu zilizopita, kifua, mambo ya siku nne: Jumatatu alikuwa juu ya jukwaa anapaka, Ijumaa watu walikuwa wanauliza kaburi lichimbwe wapi. Ghorofa ya chini ya zahanati aliimaliza. Ya juu hakuigusa.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, saa ambayo wapaka rangi wanatakiwa kuwa wameshalowa jasho. Badala yake aliwakuta wote watano wamekaa kibarazani juu ya ndoo zilizopinduliwa. Kati yao alikuwepo Ngazi, mtu mrefu ambaye alipata jina hilo kwa sababu dari za watu wengine kwake zilikuwa kuta tu. Alifanya kazi na Brashi miaka kumi na tisa.

"Shikamoo baba mdogo. Mbona mmepanga mstari kama mnapigwa picha?"

"Marahaba mwanangu." Ngazi hakumtazama. Alikuwa anakwangua rangi iliyokauka kwenye ukucha. "Vitu vya baba yako viko stoo, Mama Stoo kavifunga vizuri. Vichukue uende zako nyumbani. Na usipitie pale ubaoni."

Sasa mtu akishaambiwa asipitie ubaoni, atapitia wapi? Alikwenda moja kwa moja.

Karatasi ilikuwa mpya, imebanwa kwa pini nne, moja kila pembe, kama vile mwandishi aliogopa itatoroka. *Rangi ya kuta, ghorofa ya chini. Iliyohitajika: galoni 10. Iliyotoka stoo: galoni 34. Upotevu: galoni 24. Mhusika: Brashi (marehemu). Kundi lake lisipewe kazi ya ghorofa ya juu.* Chini yake sahihi ya msimamizi wa ujenzi.

"Kaisoma kwa sauti asubuhi," Ngazi alisema nyuma yake. Alikuwa amemfuata bila yeye kusikia. "Mbele ya wote. Mbele ya mafundi bomba, mafundi umeme, wote. Saa sita dereva wa mwenye jengo anakuja kuchukua nakala, ikishaingia kwenye faili huko kwao ndiyo imetoka hiyo, haifutiki. Sisi tutapata kazi kwingine, usitufikirie. Lakini yeye..." Akaelekeza kidevu kwenye neno marehemu.

Binti hakulia. Machozi alikuwa ameyatumia yote kwenye zile siku za kwanza, na isitoshe kuna kitu kwenye karatasi kilikuwa kinamkwaruza jicho. Aliisoma tena, polepole, kama anavyosoma oda ya turubai kabla ya kuchukua mkasi. Kwamba baba yake hakuwa na mkono mrefu, hilo alilijua tangu azaliwe. Lakini alijua pia kwamba kila binti wa mwizi husema hivyo hivyo, na msimamizi hatafuta karatasi kwa sababu mtoto anampenda baba yake. Kilichomkwaruza kilikuwa ile kumi. Galoni kumi, jengo lote la chini? Na thelathini na nne kwa kumi ni mara ngapi? Mara tatu na kitu.

Hapo moyo wake ukatulia kabisa. Mara tatu na kitu aliijua. Ilishawahi kumtia aibu.

Kule karakana, marobota ya turubai huja kwa mita, lakini madereva wa malori hawajui mita, wao ni futi tu. Wiki yake ya kwanza kazini alikuja dereva mmoja akataka turubai la futi kumi na nane kwa kumi na mbili. Akazidisha akapata futi za mraba mia mbili na kumi na sita, sahihi. Halafu, kwa kuwa mita moja ni futi tatu na kitu, akagawa kwa tatu na kitu, akaandika kwamba zinatakiwa mita za mraba sitini na sita. Zilikuwa ishirini tu. Mwenye karakana aliangalia ile karatasi, akamwangalia yeye, akauliza, "Mwanangu, unafunika lori au unafunika soko?" Mafundi walicheka mwezi mzima. Mpaka leo akikosea chochote mtu humwuliza soko linaendeleaje. Kosa la namna hiyo ukilifanya wewe mwenyewe mara moja, la mwenzako utalitambua hata likiwa limevaa tai.

"Baba mdogo, msimamizi yuko wapi?"

"Mwanangu, achana naye."

"Yuko wapi?"

Msimamizi alikuwa kwenye chumba ambacho baadaye kingekuwa cha daktari. Meza yake ilikuwa mlango uliolazwa juu ya mapipa mawili, kitasa kikiwa bado juu yake, na karatasi zake zilibanwa na jiwe zisipepee. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, viatu safi kuliko eneo lenyewe, na alisimama alipomwona.

"Pole na msiba, dada. Karibu. Marehemu alikuwa mtu mzuri sana."

"Mtu mzuri sana aliyeiba galoni ishirini na nne?"

Msimamizi akakaa. Alivuta pumzi kama mtu aliyekuwa anautarajia mzigo huu ila si mapema hivi. "Dada, mimi sina kinyongo na mtu. Mimi nina hesabu. Hesabu hazina huruma."

"Ndiyo maana nimezifuata. Nionyeshe."

Alimwonyesha, na kwa ukweli alimwonyesha bila kuficha. Kuta zote za chini, mita za mraba mia sita, milango na madirisha yameshatolewa. Kopo la rangi limeandikwa ubavuni kwamba galoni moja inapaka futi za mraba mia nne. Kwa hiyo mita ziwe futi kwanza. Alishika simu yake akamwekea mbele ya macho: mita moja, futi tatu nukta ishirini na nane. Mia sita mara hiyo, futi elfu moja mia tisa sitini na nane. Gawa kwa mia nne, galoni tano. Mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, galoni kumi.

"Hata mafundi wenyewe wanasema," aliongeza, si kwa kejeli. "Mita ni futi tatu na vidole vinne. Marehemu mwenyewe alikuwa anasema hivyo kila siku."

"Alisema hivyo hata nyumbani."

"Basi?"

"Basi alikuwa anapima urefu. Wewe simu umeiuliza habari za kamba, ikakujibu habari za kamba. Haikujua kwamba una ukuta." Alinyanyuka. "Naomba mifuko ya saruji iliyokwisha, kisu, chaki na tepu ya kupimia. Na njoo nje, tafadhali."

"Nje kufanya nini? Tunaweza kukaa hapa hapa tukaelewana."

"Karatasi uliisomea nje, kaka," alisema. Sauti yake haikupanda. "Tuelewane huko huko."

Mama Stoo alivileta vile vitu mwenyewe, funguo zake zikilia kiunoni kama kengele za ng'ombe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye daftari lisilotoka kwapani, na ndiye aliyeandika galoni zote thelathini na nne, moja baada ya nyingine, na asubuhi ile alikuwa hajala. Mafundi umeme nao walishuka kuangalia. Hakuna kinachowatoa mafundi juu ya jengo haraka kama ugomvi wa chini.

Binti alipiga magoti kwenye sakafu ya kibaraza, akapima, akachora kwa chaki mraba wa mita moja kila upande. Halafu akapasua mifuko ya saruji, akaikung'uta, akakata vipande vya mraba vya futi moja kwa futi moja. Alikata bila kusita, kisu kikienda moja kwa moja, maana kukata ndiyo kazi yake. Akavipanga kumi na moja juu ya goti la msimamizi ambaye alikuwa amechuchumaa bila kutaka.

"Kila kipande ni futi moja ya mraba. Huu wa chaki ni mita moja ya mraba. Kabla hujaweka hata kimoja, sema: vitaingia vingapi?"

"Vitatu na robo," msimamizi alisema. "Na kidogo."

"Mimi nasema vitano," Mama Stoo alisema.

"Wewe kila kitu unaongeza," fundi mmoja akamchokoza, "ndiyo maana umenenepa." Akapigwa daftari mgongoni.

"Weka, kaka."

Msimamizi akaweka cha kwanza kwenye kona. Akaweka cha pili ubavuni mwake. Cha tatu. Mstari ukajaa, ukabaki upenyo mwembamba mwishoni, upana wa vidole vinne. Mkono wake ulikuwa umeshashika cha nne, ukasimama hewani.

Juu ya ule mstari kulikuwa na sakafu tupu, nyingi, ndani ya chaki.

"Umeshaweka vitatu," binti alisema. "Umemaliza?"

Aliutazama ule mraba, na mwenye macho aliona masikio yake yanabadilika rangi. Halafu, na kwa hili binti anamheshimu mpaka leo, hakusimama akaondoka. Akaendelea kuweka. Mstari wa pili, vitatu. Mstari wa tatu, vitatu. Tisa. Vikabaki vile vipenyo viwili, kimoja cha pembeni na kimoja cha juu. Binti akachukua kipande cha kumi akakikata vijiti vya upana wa vidole vinne, vikatoka vitatu, vikajaza upenyo wa pembeni. Cha kumi na moja akakikata vivyo hivyo, vikajaza wa juu. Pale penye kona, kijishimo kidogo cha mwisho, akaziba kwa mabaki. Mkononi mwake yakabaki mabaki mengine, kama robo ya kipande.

"Kumi na robo tatu," Ngazi alihesabu kwa sauti, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Kumi nukta saba sita, ukitaka kwa simu," binti alisema. "Futi tatu na vidole vinne kwenda huku, halafu futi tatu na vidole vinne kwenda juu. Ukuta una pande mbili, kaka. Wewe uliulipia mmoja."

Msimamizi alishatoa simu. Alizidisha mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akisogeza midomo. Mia sita mara kumi nukta saba sita, futi elfu sita mia nne hamsini na sita. Kwa mia nne. Mara mbili.

"Thelathini na mbili," alisema. "Thelathini na mbili na... nukta tatu."

Kelele zilizopigwa pale kibarazani ziliwatoa njiwa kwenye paa. Mtu aligonga ndoo. Mama Stoo alikaa chini kwenye ngazi ya kuingilia akajipepea na daftari lake, akisema kwamba presha yake ilikuwa imefika mahali pabaya na sasa inateremka, watu waisikie inavyoteremka. Msimamizi aliinuka akajifuta magoti.

"Sawa. Nafuta ile karatasi. Nimekosea, yaishe."

"Bado," alisema binti.

Mafundi umeme walioanza kurudi juu wakageuka.

"Thelathini na mbili na kidogo. Stoo imetoa thelathini na nne. Kuna karibu galoni mbili hatujui ziko wapi."

Ngazi alimshika kiwiko. "Mwanangu," alinong'ona kwa ukali, "umeshashinda. Mpira umeingia golini, wewe unaurudisha katikati?"

"Huyu ni Brashi aliyevaa gauni," Mama Stoo alisema akitikisa kichwa. "Yule naye ilikuwa hivyo hivyo. Nikimpa kopo lenye mfuniko uliobonyea ananirudishia."

Msimamizi, ambaye sasa alitaka tu jambo lipite, alinyoosha mikono. "Galoni mbili si kitu, dada. Kwenye jengo zima! Nitaandika zimemwagika. Kila mahali zinamwagika."

Lilikuwa jibu zuri, laini, na kila mtu pale alikuwa tayari kulipokea. Binti aliliwaza. Akamwona baba yake anavyomalizia kopo: anaifuta ile rangi ya mwisho kwa brashi ndogo, analigeuza kopo juu ya ndoo, anasubiri, anavuta sigara nzima akisubiri tone. Kumwandika mtu huyo kwamba alimwaga galoni mbili ni kumwandika uongo mwingine, ila huu wa upole.

"Baba hakuwa anamwaga," alisema. "Zipo ukutani. Baba mdogo, wapi mlipiga mkono wa tatu?"

"Hatukupiga. Mikono miwili, kama tulivyoagizwa." Ngazi alikuna kidevu. "Ila zile siku mbili za mwisho mimi nilikuwa chumba cha dawa na hawa wenzangu. Yeye alibaki upande wa mapokezi, peke yake. Alisema hataki kelele zetu."

Binti aliingia ndani. Walimfuata wote, msimamizi mbele, mafundi nyuma, kama wanamsindikiza bibi harusi. Hakuangalia kuta. Alizipitishia kiganja akitembea, chumba kwa chumba, kwa sababu ndivyo baba yake alivyomfundisha akiwa mdogo, kwamba jicho linadanganywa na mwanga lakini kiganja hakidanganywi. Ukuta wa mikono miwili una vijitundu vya rola, kama ganda la chungwa. Vyumba vyote, ganda la chungwa. Chumba cha chanjo, chungwa. Choo, chungwa.

Kwenye ukumbi mrefu wa kusubiria, ukuta wa kulia ulikuwa chungwa. Akavuka akagusa wa kushoto, ule usio na mlango hata mmoja, na kiganja kikateleza kama kwenye yai.

"Hapa."

Msimamizi alipapasa, akavuka, akapapasa kule, akarudi. Hakuwa na uhakika, au alikuwa nao hakuutaka. "Mimi nahisi ni sawa tu."

"Basi tukwangue," alisema Ngazi, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kufunguka. "Bosi, sikiliza. Brashi mkono wa kwanza alikuwa anautia tone la bluu. Tone moja kwenye galoni. Likiwa peke yake hulioni, lakini ukipiga mkono unaofuata juu yake, ubluu unaobaki unakuonyesha wapi umeruka. Mkono wa mwisho hautii kitu. Sasa kama kuna mkono wa katikati, anautia nusu tone. Hiyo ndiyo desturi yetu, muulize yeyote hapa."

Walikwangua mahali ambapo chuma cha benchi kingefunika, pasiharibike kitu. Ngazi alitumia kikwangulio cha Brashi mwenyewe, kisha akasugua kwa msasa taratibu, akizungusha, mpaka likatokea doa kama la sarafu. Kwanza walifanya ukuta wa kulia: pete mbili, nyeupe nje na yenye ubluu ndani, kisha plasta. Halafu wa kushoto.

Nyeupe. Nyeupe iliyofifia, kama maziwa yaliyotiwa maji. Ubluu. Plasta.

Binti aliinama karibu, akazihesabu zile pete kwa kidole bila kuzigusa. Kisha akanyoosha tepu.

"Shika ncha, kaka."

Urefu mita ishirini na moja. Kimo mita tatu. Msimamizi aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu kwa sababu karatasi alizisahau, akazidisha bila simu: mita za mraba sitini na tatu. Mara kumi nukta saba sita. Kwa mia nne.

"Moja nukta saba," alisema. Akajumlisha, midomo ikisogea. "Thelathini na mbili nukta tatu. Na moja nukta saba." Akainua kichwa. "Thelathini na nne. Kamili."

"Tobaa," Mama Stoo akasema polepole. "Hata kijiko hakikupotea."

Msimamizi aliutazama ukuta juu hadi chini. "Lakini nani alimwambia apige mkono wa tatu hapa?"

"Hakuna," alisema Ngazi. "Ila benchi litakaa hapa. Wagonjwa watakaa siku nzima wameegemeza vichwa, watoto watashika kwa mikono ya ndizi, na mfagiaji atafuta kwa kitambaa kila jioni. Mikono miwili hapa isingemaliza mwaka. Na sisi asingetuambia, maana tungemcheka."

"Bila ruhusa, hata hivyo."

"Liandike hilo," binti alisema. "Liandike lilivyo, kwamba alipaka bila ruhusa. Hilo alilifanya yeye, atalibeba mwenyewe. Lile jingine silo lake."

Zilibaki dakika ishirini kufika saa sita. Msimamizi aliandika kwenye ule mlango wake wa meza, mwanzo kwa haraka, halafu polepole. Alipofika kwenye mstari wa sababu, kalamu ilisimama. Nje gari lilikuwa limeshafika na dereva anapiga honi, honi fupi fupi za mtu anayeifikiria foleni inayomsubiri. Msimamizi alimwangalia binti. Binti aliangalia kalamu. Angeweza kumsaidia, angeweza kusema basi andika makosa ya hesabu tu, inatosha. Akamwachia aandike mwenyewe. Honi ikalia tena, na kalamu ikaendelea.

Alitoka nayo kibarazani, akasimama palepale aliposimama asubuhi. Alisoma kwa sauti ileile, na hiyo si kazi ndogo.

"Rangi ya kuta, ghorofa ya chini. Iliyohitajika, galoni thelathini na mbili nukta tatu. Iliyotoka stoo, thelathini na nne. Iliyozidi, moja nukta saba, imepakwa mkono wa tatu kwenye ukuta wa benchi, ukumbi wa kusubiria, bila ruhusa. Upotevu, hakuna. Karatasi ya kwanza ilikosewa na msimamizi, aliyegeuza mita za mraba kwa kipimo cha urefu." Akawageukia wapaka rangi. "Kundi la marehemu Brashi liendelee na ghorofa ya juu."

Dereva aliichukua bila kuisoma, akaondoka. Hakuna aliyepiga makofi, hayakuwa mambo ya makofi. Wapaka rangi waligeuza ndoo zao, zikawa ndoo tena, wakaanza kupanda. Ngazi alipita akamwekea binti mkono kichwani, mkono mzito wenye harufu ya tapentaini, akaendelea na safari yake.

Msimamizi alibaki. "Dada," alisema, akijikuna shingo, "juu kuna mita za mraba mia tano arobaini."

Binti aliangalia dari kidogo. "Galoni ishirini na tisa. Na baba mdogo akitaka kutia mkono wa tatu mahali, mwambie aombe."

Alifika nyumbani saa nane, mabegani kabeba furushi la brashi. Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele.

"Nusu siku yako ina masaa mangapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Binti akakaa, akamsimulia, yote, tangu pini nne za ubaoni. Mama hakumkatiza hata mara moja, na hilo lenyewe halikuwa la kawaida. Ilipofika habari ya karatasi ya kwanza vidole vyake viliacha mchele. Ilipofika ya pili vikaurudia. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Mikono mingapi ulisema?"

"Mitatu."

"Kwenye ukuta wa zahanati."

"Mita za mraba sitini na tatu zote."

Mama aliweka ungo chini. Aligeuka taratibu kuutazama ukuta wa sebule yao, ulivyokuwa na doa la mvua lenye umbo la buti na ile kijani iliyobabuka ambayo waliikuta walipohamia. "Huu," alisema, "nimemwomba mkono mmoja. Mmoja! Tangu hujaanza shule. Jumamosi hii, mama watoto. Jumamosi ile, mama watoto." Akaunyooshea kidole, akasema, "Hebu upime."

Binti akaleta tepu yake ya kushonea. Mita nne kwa mbili na nusu. "Mita za mraba kumi, mama. Futi za mraba mia moja na saba na nusu."

"Rangi kiasi gani?"

"Robo galoni. Na kijiko."

"Robo galoni!" mama akasema. Akarudia tena, kwa sauti ya chini, "Robo galoni, mume wangu," halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na binti, ambaye alikuwa ameshainuka kwenda kumshika, alimkaribia akakuta anacheka. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, na hakuna aliyeuokota mpaka walipomaliza.